Bunduki Inayomfaa Bata Mzinga

Suud hakuwahi kuua hata njiwa, na Muhsina mkewe alilijua hilo tangu wako Unguja. Ndiyo maana siku aliporudi kutoka kazini na kueleza kwamba Mista Pelham amemchagua yeye kumpiga risasi bata mzinga aliyetoroka, Muhsina aliinamia chungu cha mchuzi akajifanya anaonja chumvi, uso wake usionekane.

Mambo yalianzia ofisini. Suud alikuwa karani wa stoo katika kambi ya kampuni ya mafuta, upande wa pili wa kilima ukitokea Qurum, pwani ya Maskati, na Mista Pelham ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Kabla ya Krismasi Mzungu huyo aliletewa kwa ndege bata mzinga watatu walio hai, madume wawili na jike mmoja. Madume waliliwa katika sikukuu zao. Jike akawekwa kwa ajili ya wageni wakubwa waliokuwa waje kutoka London kuliangalia bomba la mafuta. Naye, kama aliyesikia habari hizo, akaruka wavu wa seng'enge akaingia wadini, katika bonde kavu la miti ya miba. Wapishi walimkimbiza mpaka wakachoka. Mchana hakamatiki, jioni hupanda mti. Mista Pelham akawa analalama mbele ya makarani kwamba katika nchi nzima hii, ambamo kila mwanamume anatembea na bunduki begani, hakuna hata mmoja awezaye kumwinda ndege. Hapo Suud, ambaye ulimi wake ulizoea kutoka nyumbani kabla akili haijavaa viatu, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba yeye kule kwao alikuwa mwindaji. Kweli yenyewe ni kwamba aliwahi kuwashikia tochi watu waliokwenda kuwinda paa katika msitu wa Jozani, na tochi ikazimika.

Mista Pelham akampa mkono palepale. Jambo likawa limekwisha.

"Wewe baba yako alikuwa na bunduki," Suud alimwambia mkewe usiku ule. "Nna haja ya bunduki inayomfaa bata mzinga. Usinitie aibu, nielekeze."

Kweli, baba yake Muhsina, Mzee Marhoon wa Wete, alikuwa na shamba la mikarafuu, na kima na kunguru wa shamba lile walimjua kwa jina. Muhsina alikuwa binti yake wa pekee. Yeye ndiye aliyembebea mkoba wa risasi, yeye ndiye aliyesafisha mtutu kwa kitambaa na mafuta, na aliyasikia mazungumzo ya bunduki kama wasichana wengine walivyosikia mazungumzo ya nguo. Basi akamjibu mumewe kwa upole kwamba bunduki haichaguliwi kwa pupa, kwamba kila mnyama ana bunduki yake, na kwamba yeye atamtazamia kwa makini.

Ambalo hakulisema ni kwamba bata mzinga yuko kwao.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ua, na nyuma yake mitende mpaka kwenye khori, mkono wa bahari wenye mikoko. Kati ya mitende hiyo palikuwa na banda la mbuzi lililoachwa, limeezekwa kwa makuti yaliyooza. Asubuhi moja Muhsina alikwenda kuokota kuni akamkuta ndege mkubwa mweusi amekaa humo, shingo nyekundu imenyooka, anamtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Chini yake palikuwa na mayai yenye madoadoa. Muhsina aliketi chini. Mama yake kule Pemba alifuga bata mzinga, na tangu wahame, mwaka ule wa sitini na nne, hakuwa amemwona hata mmoja. Tena katika nyumba ile hapakuwa na kitu kilichokuwa chake: godoro walipewa na shemeji, masufuria walipewa na shangazi yake Suud, hata mbuzi waliyemkama alikuwa wa jirani. Akamletea ndege maji na makombo ya wali, akafunika mlango wa banda kwa tenga bovu, na akamwomba Mungu mayai yaanguliwe salama.

Alipokuja kusikia ndege ni wa nani, alikwisha kuwapa majina vifaranga ambao hawajatoka. Alijiambia kwamba ndege atarudi kwa mwenyewe, hilo halina shaka; lakini mayai yametagwa kwake. Hukumu ya jambo hilo katika sheria hakumwuliza mwanachuoni yeyote, kwa kuogopa atajibiwa. Alichotaka ni muda tu. Ndege akishaatamia na kuangua, yeye mwenyewe atamtia kapuni ampeleke kambini. Na kumpa ndege muda maana yake ni kumnyima Suud bunduki.

Ya kwanza ilikuwa Martini ya binamu yake Suud, aitwaye Muslim, bunduki ya zamani ya risasi moja moja ambayo wanaume wa Omani huipenda kuliko wanavyopenda kuitumia. Suud aliileta nyumbani akaiweka juu ya mkeka. Muhsina aliifungua, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea mwangaza wa mlango, akapima risasi yake, nene kama kidole gumba.

"Hii ya kuulia mtu," akasema. "Ukimpiga nayo ndege utampelekea Mista Pelham miguu na manyoya. Nyama utaifuata huko mbali, Mabela."

Hapo hakusema uongo, na kwa kuwa hakusema uongo, alisema kwa sauti ya mtu anayeaminika. Suud akairudisha Martini, na kwa siku kadhaa akawa anatembea wadini mikono mitupu jioni baada ya kazi, eti anasoma nyendo za mnyama. Muhsina hakutaka arudi bure akakata tamaa na kuanza kutafuta karibu na nyumbani. Kila alipokwenda kuteka maji alichukua manyoya mawili matatu yaliyodondoka bandani, akayaangusha kwenye njia ya kupanda mlimani, mbali na mitende. Suud akawa anarudi nayo mfukoni, macho yanang'aa, akisema ndege amehamia juu majabalini. Manyoya hayo aliyapanga dirishani. Muhsina alikuwa akiyafuta vumbi kila asubuhi, na kila mara ilimbidi aume ncha ya mtandio wake.

Bunduki ya pili ndiyo iliyomtia taabuni. Suud alikwenda Matrah, kwa Bakhit, muuza silaha wa sokoni, mtu mwenye meno machache na maneno mengi, akarudi na bunduki ya mitutu miwili, ya marisau, vile vipunje vya risasi. Bakhit amempa aende nayo akaitazame, maana wanajuana. Muhsina alipoipokea, mikono yake iliitambua kabla ya macho. Nyepesi. Mitutu mifupi, ya kupita kichakani bila kunasa tawi. Alipotia kidole mdomoni mwa mtutu wa kushoto akahisi umebanwa kidogo mwishoni, ili marisau yatoke yameshikana, yasitawanyike, yampate ndege shingoni na kichwani na kuacha kifua kizima. Kitako kilikaa begani kama kimechongwa kwa ajili ya bega hilo. Mzee Marhoon angeitazama mara moja na kumpa Bakhit bei yake bila kubishana.

Muhsina akairudisha juu ya mkeka kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha samaki aliyeanza kuoza.

"Fupi," akasema.

Suud akauliza ufupi una kosa gani. Muhsina akamweleza, pole pole, kwamba bata mzinga ana macho makali sana, kwamba kwa mtutu mfupi itambidi amkaribie mno, kwamba ndege atamcheka. Tena mtutu wa kushoto una kasoro, umebana mwishoni, bila shaka uliwahi kuanguka. Alisema yote hayo huku akitazama ukutani. Moyoni alimwomba radhi baba yake, kwa kuwa aliitukana bunduki nzuri mbele ya mtu asiyejua.

Suud akaichukua akairudisha Matrah, akamwambia Bakhit mbele ya wateja kwamba mtutu wake wa kushoto una kasoro. Bakhit akamwuliza ni fundi gani aliyemwambia hayo. Suud akajibu kwamba ana fundi wake.

Siku zikasogea. Wageni wa London wakawa wanakaribia, Mista Pelham akawa anauliza kila asubuhi, na Suud akawa anatoka jasho kabla jua halijapanda. Hapo ndipo Muhsina alipomtaja Bwana Aflah.

Bwana Aflah alikuwa jirani yao mzee, na ukutani kwake palining'inia gobori la babu yake, la kushindilia baruti kwa mdomoni. Lilikuwa refu kumpita Suud, limefungwa pete za fedha toka mwanzo hadi mwisho, na zito kiasi kwamba sikukuu walilibeba watu wawili. Muhsina alimwambia mumewe kwamba hiyo ndiyo bunduki. Mtutu mrefu unafika mbali. Ndege hataona mtu, ataona mdomo tu, atadhani ni tawi. Aliongeza kwamba gobori lile halina mfano Maskati nzima, na maneno hayo Suud aliyafikisha kwa Bwana Aflah, naye mzee akafurahi hata akalikopesha pamoja na pembe ya baruti, mfuko wa marisau na fataki za kuiwashia baruti, na akakaa na Suud alasiri yote kumfundisha namna ya kushindilia.

Muhsina alipiga hesabu yake. Kulipakia gobori tu kunachukua muda wa mtu kupika chai na kuinywa. Kulibeba mpaka wadini kutamchosha mbebaji. Kulipitisha kwenye miti ya miba hakuwezekani kabisa. Na ndege mwenyewe hayuko wadini. Aliona amelifunga jambo pande zote, akalala usingizi mzuri.

Upande mmoja tu alisahau kuufunga. Wakati ule alipokuwa akiilaumu bunduki fupi, alipomaliza hoja zake aliongeza moja ya ziada, kwa kuipamba: kwamba baba yake hakwenda kuwinda na bunduki yoyote kabla ya kuijaribu nyumbani, kwa kutundika kitambaa na kukipiga, aone marisau yanavyotawanyika. Jambo hilo lilikuwa kweli. Suud alilishika.

Ijumaa, baada ya sala, Muhsina akiwa amekwenda kwa jirani kumtazama mzazi aliyejifungua, Suud alilikokota gobori mpaka kwenye mitende. Kitambaa hakukiona, akatundika kanzu yake kuukuu kwenye ukuta wa banda la mbuzi, kwa sababu ndio uliokuwa ukuta wa pekee nyuma ya nyumba. Akashindilia baruti. Akaona kama ni kidogo kwa bunduki kubwa kama ile, akaongeza. Akatia marisau, akaegemeza mtutu kwenye kisiki, akafumba macho yote mawili na kufyatua.

Mshindo ulisikika mpaka kambini. Muhsina, kikombe mkononi, alijua mara moja ni nini, akatoka kwa jirani mbio bila kuaga, mtandio ukimfuata nyuma.

Alipofika alikuta moshi mweupe umejaa kati ya mitende, na ndani ya moshi ule Suud ameketi chini, uso mweusi, kofia haipo, bega lake la kulia amelikumbatia. Kanzu ilikuwa nzima. Marisau yote yalikwenda juu, na mtende mmoja ulikuwa umepoteza kuti. Mbele ya Suud, mbawa zimeshuka mpaka ardhini na manyoya yote yamesimama, alikuwepo bata mzinga. Alimdonoa goti. Suud akarudi nyuma kwa makalio. Akamdonoa jingine. Kisha ndege, alipoona amemaliza kazi, akageuka akaingia bandani kwake polepole, akaketi.

Moshi ukapungua. Kutoka bandani ikaja sauti nyembamba sana, kama mlango mdogo unaofunguka: vifaranga walikuwa wanatoka.

"Yuko hapa tangu lini?" Suud akauliza.

Muhsina alifikiri kumwambia tangu leo. Akautazama uso wake uliojaa masizi, mboni zinang'aa kama za mtoto, akashindwa.

"Tangu kabla ya ile Martini."

Suud akalipitisha hilo kichwani. Muhsina aliweza kuona linavyopita: majabali, manyoya dirishani, jioni zote zile.

"Na ile fupi ya Bakhit?"

"Ile ndiyo yenyewe," Muhsina akasema kwa sauti ndogo. "Sijaona bunduki inayomfaa bata mzinga kama ile. Nilikudanganya, niwie radhi. Bega linauma?"

Alitarajia hasira, na alikuwa tayari kuipokea kwa kuwa ni haki yake. Suud alinyanyuka kwa shida, akaenda mlangoni mwa banda, akachungulia. Kifaranga kimoja kilichokwisha kukauka kilikuwa kinatoa kichwa chini ya bawa la mama yake, na ndege alimtazama Suud kwa jicho la upande kama anayemkumbusha goti. Suud akaanza kutikisika. Muhsina alidhani analia, mpaka alipomwona anashikilia nguzo ya banda kwa kicheko. Alicheka mpaka bega likamliza kweli, akaketi tena chini, na Muhsina akaketi kando yake akamfuta masizi kwa ncha ya mtandio.

Lakini Mista Pelham alibaki wa kujibiwa. Kwa kuwa uongo wa nyumba ile ulikuwa umekwisha kutumika wote, Suud akaenda kambini jioni ile ile akamweleza yaliyotokea, ila kwamba alimwambia ndege amegunduliwa leo. Mista Pelham alikunja uso. Kesho yake akaja mwenyewe Qurum kwa gari, pamoja na wageni wake watatu kutoka London, na kwapani amebeba bunduki ya marisau, mitutu mifupi, ndugu kabisa wa ile ya Bakhit. Suud aliiona akamkonyeza mkewe. Muhsina akatazama pengine.

Wazungu walichungulia bandani. Vifaranga walikuwa wametoka wote na walikuwa wamejaa kila mahali, na mama yao alimvamia mgeni mkubwa kuliko wote, mzee mwenye tumbo, akamdonoa kiatu mpaka kamba ikafunguka. Mzee yule alichekeshwa na jambo hilo kuliko bomba zima la mafuta. Mista Pelham alisimama na bunduki yake kwapani, akajikuna shingo, kisha akasema kwamba mwindaji hampigi ndege mwenye watoto, na Suud, akiwa mwindaji mwenzake, bila shaka analijua hilo. Suud akasema analijua sana.

Muhsina alikuwa tayari amepika. Hakuwa na nia ya kuwaacha watu wa London waondoke na njaa na kumwacha mumewe na lawama. Palikuwa na wali wa nazi, nazi zilizoletwa kutoka Matrah kwa taabu, na nguru wa kupaka, na mkate wa kumimina, na halwa, na kahawa. Wageni walikula juu ya mkeka, magoti yamewashinda. Kabla ya kuondoka Mista Pelham aliamua ndege abaki pale mpaka watoto wake wakue. Madume watakaotokea watakuwa wake, majike ya Muhsina. Muhsina, nyuma ya pazia, alisikia tafsiri ya hayo kutoka kwa Suud, akashika mlango kwa mikono miwili. Hatimaye alikuwa na kitu katika nyumba ile.

Adhabu yake ilikuja baadaye, na ilitoka kwa Suud, naye aliitoa akiwa ameweka mguu juu ya mguu. Barazani kwa Bwana Aflah, alipokwenda kurudisha gobori, watu walimwuliza habari za mshindo. Suud akawasimulia yote bila kujificha, hata goti. Kisha akasema, kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi, kwamba hakuna katika pwani hii, kutoka Maskati mpaka Sohar, ajuaye kuchagua bunduki kama mkewe, kwani yeye peke yake ameweza kumtafutia ndege bunduki ambayo haiwezi kumwua. Watu wakacheka. Lakini waliporudi makwao wakalitafakari.

Wiki ile ile akaja mmoja anataka bunduki ya tandawala, ndege kama njiwa. Baadaye mwingine, wa mbuzi wa milimani. Bakhit mwenyewe alituma salamu kutoka Matrah kwamba amesikia fundi wa Suud ni nani, na kwamba akipata mzigo mpya atauleta utazamwe kwanza Qurum. Wanaume walikaa uani wakinywa kahawa, bunduki zao zikapitishwa chini ya pazia moja moja, na nyuma ya pazia Muhsina akafungua, akachungulia, akatoa maneno. Alisema kweli tupu sasa, na aliona kweli inachosha zaidi, maana aliyeambiwa bunduki ya marehemu baba yake ni chuma cha kuegeshea mlango hakuondoka haraka. Suud alikuwa akimimina kahawa na kusema, "Subiri, atakwambia."

Mwanzo wa joto akaja mtu kutoka Ansab mwenye kuku wanaoliwa na mbweha. Alikuwa na bunduki mbili na hakuweza kuamua. Muhsina alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwambia Suud atundike kopo la samli kwenye mtende wa mwisho. Wote walidhani Suud ndiye atakayejaribu. Hata Suud mwenyewe alidhani hivyo, akaanza kulisugua bega. Muhsina akatoka nyuma ya pazia, mtandio ameufunga barabara, akaweka kitako begani. Bata mzinga na watoto wake, walioanza kuwa warefu wa miguu, walikuwa wanadonoa chini ya ukuta na hawakujishughulisha. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Kopo likaruka likageuka mara kadhaa hewani, likaanguka limetobolewa kama kung'uto.

Alimrudishia mtu wa Ansab bunduki yake, akamwambia achukue hiyo na asipige akiwa mbali, akaingia ndani kutazama mchuzi.

Suud alibaki na birika mkononi, kahawa inamwagikia kwenye sinia. Kesho yake alilisimulia jambo hilo ofisini, mbele ya Mista Pelham na makarani wote. Katika simulizi yake kopo lilikuwa limekwisha kuwa mwewe, na mwewe yule alikuwa anaruka.